Kisukari: maswali ya kwenye benchi la kliniki, Mbeya hadi Makete

Siku ya kliniki ya sukari, benchi la nje ndilo darasa. Kabla mtu hajaitwa ndani ameshapewa ushauri na watu watatu, na ushauri wenyewe mara nyingi unaanzia ulimini: kitamu ni kibaya, kichungu ni dawa. Maswali yafuatayo yamebaki na lugha ya waulizaji.

Daktari, mimi chai nakunywa kavu tangu ujana. Hiki kisukari kimetoka wapi?

Hakikutoka kwenye kikombe cha chai. Nyuma ya mfuko wa chakula kuna kiungo kinaitwa kongosho, nacho hutengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoiwezesha sukari iliyo kwenye damu kuingia mwilini ikatumike. Isipotengenezwa kabisa au ikawa kidogo mno, hicho ni kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Ikiwepo lakini mwili hauitii vizuri, hicho ni cha aina ya pili, na wengi waliokaa kwenye benchi wana hicho. Huchangiwa na damu ya ukoo, unene hasa wa tumbo, umri, na kukaa sana bila kazi ya mwili. Soda za kila siku nazo zinachangia. Lakini ugali, wali wa Kyela, viazi vya Njombe na ndizi za Tukuyu, vyote vikishasagwa tumboni vinageuka sukari ile ile. Damu haijui kama ulihisi utamu au hukuhisi.

Basi niache sembe, nile ugali wa ulezi peke yake?

Ushauri huu unatembea kuliko daladala. Una ukweli nusu: ulezi na dona vina nyuzinyuzi, kwa hiyo sukari hupanda taratibu kuliko kwa sembe iliyokobolewa. Nusu iliyobaki ndiyo inayowaangusha watu. Mama anaacha sembe, halafu anajipakulia dona mara mbili ya ugali wa zamani kwa sababu "hii haipandishi sukari". Inaipandisha. Wanga ni wanga, kinachoamua ni kiasi.

Uji ndio mtego mkubwa zaidi. Uji mwepesi wa ulezi, kikombe cha bati kilichojaa asubuhi, unapita tumboni upesi na sukari inaruka nao. Wengine wanautia asali wakiamini asali haina shida kwa kuwa imetoka porini. Asali ni sukari pia, glukosi na fruktosi, hata ukiirina mwenyewe mzingani.

Chukua sahani ya kawaida. Nusu yake iwe mboga: chainizi, figiri, mnafu, majani ya maboga, kabichi. Robo iwe maharage, samaki, nyama au mayai. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, au wali, au ndizi, au viazi. Nimesema "au". Wali wenye mchuzi wa viazi ni wanga juu ya wanga, ingawa kwetu viazi vikishaingia kwenye mchuzi vinahesabiwa kuwa mboga. Parachichi, ambalo Rungwe limejaa, wagonjwa wengi wanaliogopa bure. Lina sukari kidogo sana. Lina mafuta, tena mafuta mazuri, ila yananenepesha mtu akila mengi, kwa hiyo nusu tunda inatosha. Na hakuna haja ya kupika sufuria mbili nyumbani. Chakula hiki kinawafaa hata wasioumwa.

Mkojo wangu haukusanyi sisimizi. Si ina maana niko salama?

Hapana. Figo huanza kumwaga sukari kwenye mkojo pale sukari ya damu inapokaribia 10 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kisukari chenyewe kinahesabiwa kuanzia 7.0 asubuhi kabla ya kula, au 11.1 wakati wowote ikiwa una dalili kama kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Kati ya 7 na 10 mtu anaweza kuishi miaka sisimizi hawana habari naye, huku mishipa ya macho na figo inaliwa. Tone la damu ya kidole ndilo la kuanzia. Kama huna dalili, kipimo kimoja kilichopanda kirudiwe siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa.

Sukari yangu sasa iko kawaida na najisikia mzima. Kwa nini niendelee na vidonge? Nasikia vinaharibu figo.

Iko kawaida kwa sababu unameza. Sukari ikipanda polepole mwili unazoea, na mtu anaweza kutembea na 15 akilima shamba lake kama kawaida. Kujisikia si kipimo.

Kuhusu figo, watu wameigeuza hadithi. Kinachoharibu figo ni sukari kukaa juu miaka mingi, pamoja na presha isiyotibiwa. Metformini, kidonge ambacho wengi huanzia nacho, inaweza kuleta kichefuchefu au kuharisha siku za mwanzo, ndiyo maana inamezwa pamoja na chakula. Figo zikiwa tayari zimedhoofu, daktari hupunguza dozi au huibadilisha dawa, na hapo ndipo maneno ya mtaani yalipozaliwa. Wapo wenye aina ya pili waliopunguza uzito sana hadi sukari ikakaa sawa bila dawa. Hao walifika huko wakipimwa, hawakuamka tu asubuhi wakaacha.

Na mitishamba michungu? Si uchungu unafuta utamu?

Hivi viwili vinakutana ulimini tu. Kwenye damu havigombani. Mwarobaini, shubiri na mlonge havijafikia kuchukua nafasi ya dawa, na dozi ya kijiko cha unga hakuna aijuaye. Mwaka 2011 watu wa nchi nzima walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na kisukari kilikuwa kwenye orodha ya magonjwa yaliyosemwa yatapona. Hakikupona. Ukinywa mitishamba, mwambie daktari bila kuona aibu. Kibaya kuliko vyote ni kuacha sindano ya insulini ili "kuipisha" dawa ya kienyeji.

Ulanzi ni maji ya mwanzi, hautoki kiwandani. Naruhusiwa?

Hili huulizwa sana Iringa masika yakiiva. Ulanzi mtogwa, ule wa kugema leo, ni mtamu, na sukari yake inaingia kwenye damu yako kama ya soda. Mkangafu utamu umepungua kwa kuwa umegeuka pombe, na hapo hatari inahamia upande wa pili. Ini huwa na akiba ya sukari na kuiachia kidogo kidogo usiku ukiwa umelala. Pombe ikiingia, ini linashindwa kuitoa. Kama unachoma insulini au unameza glibenklamidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, halafu umekunywa na hukula, sukari inaweza kushuka chini ya 4 saa nane za usiku.

Kinachoua hapo ni namna inavyoonekana: jasho, kutetemeka, kuongea ovyo, kuyumba. Nyumbani wanasema "amelewa, mwacheni alale". Msimwache. Akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui, msimtie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali.

Nikianza sindano ndiyo mwisho wangu, au nitapofuka?

Wanaopofuka baada ya kuanza sindano wengi waliichelewesha hadi macho yalikuwa yameshaharibiwa na sukari. Januari 1922 huko Toronto kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anakufa kwa kisukari, alichomwa insulini akawa wa kwanza kuokolewa nayo. Aliishi miaka mingine 13.

Suala la kwetu ni baridi. Kila mtu anafundishwa kuilinda insulini na joto: chupa ambayo haijafunguliwa ikae nyuzi 2 hadi 8, inayotumika inaweza kukaa ndani ya nyumba pasipo joto kali kwa takriban wiki nne. Sawa. Lakini Makete na Njombe Juni na Julai sakitu huanguka, na chupa ikikaa dirishani usiku inaweza kuganda. Iliyoganda itupwe, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Vivyo hivyo ile iliyogusa barafu ya friji.

Kidonda cha mguu hakiponi. Mzee wetu anasema nimetupiwa kitu.

Sukari ikikaa juu hufisha mishipa ya fahamu, mguu unakuwa na ganzi, damu nayo haifiki vizuri. Mwulize mgonjwa kidonda kilianzaje, mara nyingi utasikia: "Sijui, niliona tu soksi ina maji." Ni kokoto ndani ya buti siku nzima shambani, au ni moto. Msimu wa baridi watu wanaota moto jikoni, miguu karibu na mafiga, na mwenye ganzi hasikii ngozi ikiungua. Vaa soksi nene, kaa mbali na moto, maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko au na mwingine. Kung'uta buti kabla ya kuvaa. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, ukishindwa kuinama mwite mjukuu. Kidonda, hata kidogo, kionwe siku hiyo hiyo.

Kisukari kinaambukiza? Hakiambukizi, kwa sahani wala kwa kitanda.

Mwanangu wa darasa la tatu ameanza tena kukojoa kitandani, anakunywa maji sana, amekonda. Bibi yake anasema minyoo.

Mpeleke leo akapimwe sukari kwenye zahanati iliyo karibu yenye mashine. Huenda ni aina ya kwanza, isiyoletwa na pipi wala na kosa la mama. Akianza kutapika, kuumwa tumbo, kuhema kwa nguvu, au pumzi yake kunukia kama matunda, hiyo ni dharura ya saa chache. Watoto wengine wamepotea wakitibiwa malaria huku sukari haijapimwa. Akishaanza insulini atarudi shule na kucheza mpira. Mwalimu wake wa darasa aambiwe, aruhusiwe kwenda chooni na kula anapohitaji, na mfukoni awe na glukosi au pipi mbili za wakati sukari ikishuka.