Je, wajua kwa nini kigeu kisichopewa thamani hutoa namba za ajabu?

Andika `int jumla;` (kigeu cha namba kamili, yaani nafasi ya memori yenye jina) ndani ya funksheni ya lugha ya C, kisha ichapishe papo hapo. Huenda ukaona 0, huenda ukaona 32764, na ukiiendesha tena ukapata kitu kingine kabisa. Namba hiyo imetoka wapi?

Vigeu vya ndani ya funksheni kwa kawaida hukaa kwenye staki, eneo la memori linalotumika na kutumika tena. Funksheni ikimaliza kazi, baiti zake hazifutwi. Inayofuata hupewa sehemu ileile na mabaki yake. C haisafishi kwa sababu kusafisha hula muda. Vigeu vya nje ya funksheni na vya `static` ndivyo pekee vinavyoanza na sifuri vyenyewe. Hivi vingine kanuni za C haziviahidi chochote, ndiyo maana programu iliyopita majaribio yote inaweza kuvurugika ukiwasha `-O2`, chaguo linaloiambia kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) iharakishe programu.

Kwa pointa, yaani kigeu kinachoshika anwani ya memori, hatari ni kubwa zaidi, maana mabaki yale husomwa kama anwani. Ukiandika `*p = 5;` unaweza kufuta data ya kigeu kingine, na hitilafu ikajitokeza mbali kabisa na mstari wenye kosa. Utaitafuta usiku kucha. Pointa yenye `NULL` (isiyoelekea popote) ikitumika hivyo, kwenye kompyuta za kawaida, huiangusha programu palepale, na kosa linaonekana.

Basi tuweke sifuri kila mahali? Wengi hufundishwa hivyo, nami sikubaliani. Tangaza kigeu pale unapokuwa na thamani yake halisi: `int jumla = hesabu(a, b);`. Tangu C99, toleo la kanuni za C la mwaka 1999, unaruhusiwa kufanya hivyo hata katikati ya bloku. Sifuri ya kujazia nafasi humziba mdomo kompaila. Ukisahau kukipa kigeu thamani katika tawi moja la `if`, kompaila ya GCC yenye `-Wall -O2` (`-Wall` huwasha maonyo) mara nyingi ingekuonya. Ukishaweka sifuri hainong'oni hata neno, na jibu baya linakwenda kwa mtumiaji. Sifuri iwekwe inapokuwa mwanzo wa kweli, kama unapojumlisha orodha. Pointa isiyo na pa kuelekea ipe `NULL`, hata baada ya `free` (kurudisha memori yake) iwapo bado itatumika.

Java imechukua msimamo mkali zaidi: kigeu cha ndani ya methodi kikisomwa kabla ya kupewa thamani, kompaila hukataa programu nzima.