Je, wajua kwa nini Ulaya ilibebeshwa lawama za sheria zilizotungwa London?

Mwishoni mwa Januari 2009, mafundi wa mabomba na wachomeleaji waligoma nje ya kiwanda cha kusafishia mafuta cha Lindsey, mashariki mwa Uingereza. Walisimama kwenye baridi na mabango yaliyosema: "Kazi za Waingereza kwa Waingereza." Maneno hayo yalikuwa ya waziri mkuu wao, Gordon Brown, aliyeyatamka mwaka 2007. Hasira ziliwaelekea mafundi Waitaliano na Wareno walioletwa na kampuni ya Sicily iliyopata zabuni. Wageni hao walilazwa ndani ya tishali lililogeuzwa bweni bandarini Grimsby. Tishali lile likageuka ishara: kazi imefika mlangoni kwako, na wa kuifanya wamekuja nayo.

Mgomo ulienea hadi viwanda vingine, ukaisha Februari baada ya wenyeji kuahidiwa nafasi 102. Taasisi ya usuluhishi, Acas, ilichunguza na haikukuta ushahidi kwamba sheria ilivunjwa. Watu wengi waliishia hapo, wakaamua kwamba basi mkosaji ni Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa mwanachama wake wakati huo. Mimi nadhani hapo ndipo pa kuanzia. Kama hakuna sheria iliyovunjwa, tuitazame sheria yenyewe.

Kanuni ya Ulaya ya mwaka 1996 inairuhusu kampuni ya nchi moja mwanachama kupeleka wafanyakazi wake nchi nyingine kwa muda. Masharti yake ni kwamba huko wanakokwenda wapewe haki za msingi za nchi hiyo: kima cha chini cha mshahara, saa za kazi, likizo, usalama. Je, mishahara iliyomo kwenye mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri? Katika ujenzi, nayo inamhusu mgeni, iwapo nchi imeutangaza mkataba huo kuwabana waajiri wote wa sekta. Ufaransa na Ubelgiji hufanya hivyo. Uingereza haina utaratibu huo. Kwao, mkataba kati ya chama na mwajiri kwa kawaida hauna hata nguvu ya kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo mwajiri wa kutoka nje alibanwa kisheria na kima cha chini cha taifa tu, hata pale wenyeji walipokuwa wamepigania malipo makubwa zaidi. Pengo hilo halikuchimbwa Brussels, yaliko makao makuu ya Umoja wa Ulaya.

Hata hivyo Ulaya nayo ina doa lake, na ni haki kulitaja. Mwaka 2004 vyama vya Sweden viliizuia kampuni ya Latvia, Laval, iliyokuwa ikikarabati shule mjini Vaxholm na kukataa kusaini mkataba wa mishahara wa Sweden. Desemba 2007 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba vyama vilivuka mipaka. Wafanyakazi wa bara zima waliumia kusikia hivyo, na walikuwa na haki ya kuumia. Kanuni ilirekebishwa mwaka 2018 ili aliyepelekwa ng'ambo alipwe kwa viwango vya mahali anapofanyia kazi.

Tarehe 1 Mei 2004 nchi 10 ziliingia Umoja wa Ulaya, nyingi zikiwa za mashariki. Wanachama wa zamani waliruhusiwa kuwachelewesha wafanyakazi wa nchi hizo hadi miaka 7. Ujerumani na Austria zilisubiri mpaka 2011. Uingereza, Ireland na Sweden zilifungua milango siku ile ile. Utafiti ulioagizwa na serikali ya Uingereza ulikadiria ongezeko la watu 5,000 hadi 13,000 kwa mwaka. Wakaja mamia ya maelfu.

Walikuta nchi ambayo haikuwa na idara moja ya wakaguzi wa kazi kama ya Ufaransa au Hispania. Katika mashamba ya kabichi na kolifulawa ya Lincolnshire, vibarua walipatikana kupitia manyapara waliomiliki kila kitu: gari la kwendea shambani, chumba cha kulala, na kodi ya chumba iliyokatwa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi.

Miezi mitatu kabla ya nchi hizo kujiunga, usiku wa tarehe 5 Februari 2004, wafukua kombe wasiopungua 21 walikufa katika ghuba ya Morecambe. Mtu wa pwani anaelewa haraka kilichotokea: maji yalikuwa yamepwa, giza likaingia, vibarua wa nyapara wakiwa bado mchangani, maji yakajaa yakiwazunguka. Wote walikuwa Wachina. Umoja wa Ulaya haukuwaleta. Bunge likatunga sheria ya kuwapa manyapara leseni, lakini ikahusu kilimo, ufukuaji wa kombe na usindikaji wa chakula tu. Ujenzi, usafi na uangalizi wa wazee vikaachwa nje.

Mwaka 2008 Ulaya ilitoa kanuni ya kumlinda mfanyakazi wa wakala wa ajira alipwe sawa na aliyeajiriwa na kampuni yenyewe. Uingereza ilichukua mwanya uliowekwa ndani yake na kuruhusu mikataba ya wakala yenye malipo pungufu, mradi mtu alipwe kidogo akikosa kazi. Mwanya huo ulifungwa Aprili 2020. Mwaka 2013 bodi ya mishahara ya kilimo ya England na Wales ilifutwa. Mwaka huo huo serikali ikaanza kutoza hadi pauni 1,200 kwa anayetaka kumshtaki mwajiri kwenye baraza la kazi. Kibarua angezitoa wapi? Mahakama ya Juu iliibatilisha tozo hiyo Julai 2017.

Wakati huo kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya ilikuwa imeshapigwa. Katika wilaya ya Boston, kitovu cha mashamba yale, asilimia 75.6 walisema waondoke. Uingereza ikaondoka mwaka 2020. Kufikia katikati ya 2023 ongezeko halisi la wahamiaji kwa mwaka lilikuwa limepita 900,000. Mashambani wakaanza kuja watu wa Nepal, Indonesia na Uzbekistan kwa viza ya miezi 6, baadhi yao wakiwa na madeni makubwa kwa madalali wa nyumbani kwao.

Wenye ndugu Oman au Saudia wanaijua kafala, mfumo wa kumfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri mmoja. Aprili 2012, London iliondoa haki ya mfanyakazi wa ndani aliyeingia na familia ya mwajiri wake kubadili mwajiri, na familia nyingi za namna hiyo hutoka Ghuba. Mwaka 2016 aliruhusiwa tena kubadili. Lakini viza yake ni ya miezi 6, na kwa kawaida haiongezwi. Anayekimbia mateso mwezi wa tano anabakiwa na wiki chache tu za kumtafuta mwajiri mwingine atakayemkubali.