Pete za vitunguu: je, moto mdogo ndio huzifanya zikauke?

Hapa Bukavu wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba pete za vitunguu zikaangwe taratibu, kwa moto mdogo, ili zikauke bila kunywa mafuta. Wazo linaeleweka, maana moto mkali huunguza.

Lakini kitunguu ni maji, karibu asilimia 90. Mafuta yakifika nyuzi joto 175 hadi 185 hivi za Selsiasi, maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke husukuma kutoka ndani, na rojo la unga linalozifunika pete huganda haraka. Mafuta yakiwa vuguvugu, mvuke ni hafifu, unga unalowa na kulainika. Sehemu kubwa ya mafuta huingia pete zikishatolewa, zinapopoa, kwa hiyo zikung'ute na usizirundike.

Jaribu mwenyewe na kitunguu kimoja. Dondosha tone la rojo hilo kwenye mafuta: likibaki chini, subiri, likiibuka upesi na kutoa mapovu, tia pete nne au tano tu, kwa sababu mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, hairudishi joto haraka. Nyingine zikaange kwa moto mdogo. Kisha bonyeza kila fungu kwenye karatasi, ulinganishe madoa.