Umeweka GB 4, Windows inatumia 3.25: nyingine zimekwenda wapi?

Ukiongeza RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) kisha hesabu isitimie, soma namba mbili kabla ya kumrudia muuzaji. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, utaona kiasi kilichofungwa na kiasi kinachoweza kutumika. Kilichofungwa kikisomeka 2 wakati umeweka 4, tatizo ni la mkono: kipande hakijakaa vizuri, sloti ina vumbi au kipande ni kibovu. Kikisomeka 4 lakini kinachoweza kutumika ni 3.25 au 3.5, RAM ni nzima, na wa kwanza kushukiwa ni mfumo endeshi wa biti 32, yaani Windows inayoandika anwani za kumbukumbu kwa tarakimu 32 za 0 na 1.

Kila baiti ya RAM inahitaji anwani, yaani namba ya kuifikia. Windows ya biti 32 ina anwani 4,294,967,296 tu, yaani GB 4 kamili, na RAM haizimiliki peke yake. Kadi ya michoro, kadi ya mtandao, chipu ya BIOS (programu ndogo inayoiwasha mashine) na vifaa vingine vyote hugawiwa anwani humo humo, upande wa juu, karibu na mwisho wa GB 4. Kwenye ubao mama wenye PCI Express (njia ya kuunganisha kadi), eneo la usanidi wa vifaa likiwa kamili hushika MB 256. Kadi ya michoro ikifungua dirisha (fungu la anwani za kuifikia kumbukumbu yake) la MB 256 nyingine, tayari umebaki na 3.5, na vifaa vingine bado havijachukua chao. RAM ambayo nafasi yake imechukuliwa na anwani hizo ipo na inapata umeme, ila haifikiki. Wapo wanaosema kadi ya GB 1 hula GB 1 nzima ya anwani. Si hivyo, kadi nyingi za enzi za biti 32 hufungua dirisha dogo kuliko kumbukumbu yake.

Kwa hiyo kuweka GB 8 kwenye Windows 7 au 10 ya biti 32 ni kutupa hela. Zote hukomea GB 4, na Windows 7 Starter hukomea 2. Prosesa zenyewe zina njia ya kuvuka hapo, inaitwa PAE, na Linux ya biti 32 huitumia. Microsoft iliifunga kwenye Windows za kawaida kwa sababu draiva (programu za kuendesha vifaa) nyingi zilikuwa zinaangusha mashine zikikutana na anwani za juu ya GB 4. Viraka vinavyozunguka mtandaoni vya kufungua kizuizi hicho sivishauri, maana vinachezea kiini cha Windows.

Kuna kikomo cha pili ambacho watu hukisahau. Ndani ya biti 32, programu moja kwa kawaida hupewa GB 2 tu za anwani. Ndiyo maana programu ya kuhariri picha inalalamika kumbukumbu imeisha huku Task Manager ikionyesha bado ipo.

Dawa ni kuhamia biti 64, lakini angalia prosesa kwanza. Ukurasa ule ule wa Windows na Pause ukisema mfumo ni wa biti 32 na prosesa ni x64, yaani ya biti 64, unaweza kuhama. Kwenye Linux, amri ya lscpu inakuonyesha. Huwezi kupandisha juu kwa juu: unapiga Windows upya. Hamisha mafaili yako nje ya diski C, tengeneza flashi ya GB 8 kwa Media Creation Tool ukichagua x64, pakua mapema draiva ya mtandao ya biti 64, kisha washa mashine kwa flashi. Leseni ya Windows 10 inakubali biti zote mbili ikiwa toleo ni lile lile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Vitakavyokwama ni printa kuukuu isiyo na draiva ya biti 64 na programu za zamani za biti 16, ambazo Windows ya biti 64 haifungui kabisa.

Mashine ya GB 2 isiyoongezeka, iache na biti 32. Biti 64 yenyewe hula RAM zaidi, kwani vielekezi vya ndani ya programu huwa baiti 8 badala ya 4.

Umehama na bado inasoma 3.25? Fungua msconfig, nenda Boot, kisha Advanced options; alama ya Maximum memory ikiwa imewekwa, iondoe na uwashe upya. Halafu ingia BIOS utafute Memory Remap, inayohamishia RAM iliyofichika kwenye anwani za juu ya GB 4, uiwashe. Ikipungua kidogo tu, tuseme 3.9, hiyo mara nyingi ni michoro ya ndani ya prosesa imechukua fungu lake, iache. Laptop zenye chipseti ya Intel 945 hazina uwezo huo wa kuhamisha, hivyo zitabaki hapo hapo kwenye tatu na kitu, hata ukipiga mfumo gani.