Amri ya zuio dhidi ya mwenza mkatili: maana yake na namna ya kuipata

Mwanamke wa Tandahimba au Ruangwa akipigwa na mumewe, shauri mara nyingi huanzia kwa wajomba, kisha hufika kwa mtendaji wa kijiji. Mume anaomba radhi, inaandikwa karatasi kwamba hatarudia. Akirudia, karatasi ile haina nguvu ya kumzuia. Amri ya zuio ni jambo jingine: ni agizo la mahakama linalomkataza mtu aliyetajwa kwa jina asimbughudhi mwenzake, na anayelivunja hujibu mbele ya mahakama hiyo.

Kenya walitunga sheria ya pekee ya ukatili wa majumbani mwaka 2015. Tanzania Bara tunategemea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 139 kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aache kujilazimisha kwa mwenza wake, au aliyekuwa mwenza wake, yaani kumng'ang'ania awe naye asipotaka, na aache bughudha nyinginezo. Kina sharti moja zito: lazima pawe na shauri la ndoa linaloendelea, au ndoa iwe imeshabatilishwa, imevunjwa kwa talaka, au mahakama imeamuru watu watengane.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani hawana budi kudai talaka. Sivyo. Shauri la kutengana linatosha: ndoa inabaki, ila kila mtu anakaa kwake. Tena talaka hutakiwa kwanza kupita baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata au la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Kutengana hakukuwekewa sharti hilo. Kwa mama anayeogopa kuketi chumba kimoja na aliyemvunja mkono, naona hii ndiyo habari muhimu kuliko zote.

Shauri la ndoa linaweza kufunguliwa mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Mtwara. Kwa wengi ya mwanzo ndiyo iliyo karibu. Unapofungua shauri, omba papo hapo amri ya muda na ueleze kwa nini jambo halisubiri: alikupiga lini, alitamka vitisho gani, nani alikuwepo. Taja na mahali unapotaka asikufuate: nyumba ya mama yako ulikokimbilia, shamba la korosho, genge lako sokoni.

Ushahidi wa majeraha huanzia kwenye PF3, fomu inayotolewa polisi na kujazwa na daktari, iwe hospitali ya Ligula mjini Mtwara, ya Sokoine mjini Lindi au kituo cha afya cha karibu. Ukiwa umeumia vibaya, tibiwa kwanza. Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, maana kupiga ni kosa la jinai hata kama hujafungua shauri la ndoa, na njia zote mbili zinaweza kwenda pamoja. Asikutishe mtu kwa mila: kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo, hata kama desturi inaruhusu.

Walioishi pamoja bila kufunga ndoa kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kama mume na mke, wanaweza kuiomba mahakama iwatazame chini ya dhana ya ndoa, yaani iwachukulie kama wanandoa, kifungu cha 160. Ambaye uhusiano wake haujafikia hapo ategemee zaidi polisi na kesi ya jinai.

Asiye na fedha za wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kumwelekeza. Amri ikishatoka, chukua nakala zake: moja ibaki kwako, moja uipeleke dawatini, nyingine kwa mtendaji wa mahali unapoishi. Akija tena, andika siku na saa, toa taarifa polisi, kisha urudi kwenye mahakama iliyotoa amri.