Suffocating: ukaribu unapogeuka kabali

Panda daladala ya Buhongwa kuja mjini Mwanza saa kumi na mbili asubuhi. Konda anapiga ubavu wa gari, "Sogeeni, bananeni, nyuma kweupe!" Gotini mwako kuna ndoo ya dagaa wa mama anayewahi sokoni, na dirisha liligoma kufunguka siku nyingi. Mwingereza akisema humo ndani ni suffocating, kila mtu atamwelewa: hewa haitoshi.

Kazi huanza neno hilo likishuka kwenye gari na kuingia kwenye mapenzi.

Chimbuko lake ni Kilatini, suffocare: sub ni chini, fauces ni koo. Ni kumkaba mtu, na sisi kwenye kaba tumepata kabali. Ila kivumishi hiki hakimtuhumu mpendaji kwa nia mbaya. Kinaeleza anavyojisikia anayependwa. Mama amekupigia simu mara sita kabla pantoni haijafika Kamanga, anauliza kama umekula. Anakupenda, na bado unatamani kuzima simu.

Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha hali hiyo. Chukua kitenzi: "ananibana", "upendo wake unanikaba". Wanaoandika "mapenzi ya kukosesha hewa" hawajavunja sarufi, lakini sentensi yao inanuka tafsiri.

Mtego mkubwa uko kwenye Kiingereza chenyewe, na wanafunzi wengi hunasa hapa. Ukiandika "My mother is suffocating", msomaji ataelewa kwamba mama anakata roho kwa kukosa pumzi, akimbizwe hospitali. Ulichotaka ni "My mother is suffocating me", au "Her love is suffocating". Upendo haupumui, kwa hiyo hakuna utata. Ndiyo maana hata "The heat is suffocating" ni salama. Mtu anapumua, basi mtaje anayekabwa.

Ndugu yake, smothering, hubeba picha ya kufunikwa, kama moto unaozimwa kwa blanketi zito, na huwaangukia sana wazazi. Claustrophobic inahusu hofu ya kufungiwa. Hiyo iachie lifti na vyumba visivyo na madirisha.

Magugumaji nayo? Yakitanda mwaloni, samaki walio chini hukosa oksijeni: hao "are suffocating" kwelikweli, kitenzi kabisa. Mvuvi aliyekwama juu yake na mtumbwi bado anapumua vizuri. Amezibiwa njia tu.