Je, wajua? Apdeti ikivuruga simu yako, imevuruga na za wenzako?

Tarehe 24 Septemba 2014 Apple walitoa iOS 8.0.1, sasisho dogo la kurekebisha kasoro za iOS 8, mfumo unaoendesha iPhone. Wenye iPhone 6 na 6 Plus, simu ambazo hazikuwa zimemaliza hata wiki sokoni, wakaipakua, na mara laini ikakata. Kupiga hupigi, kupigiwa hupigiwi, na ukiweka kidole ili simu ifunguke haikutambui. Baada ya kama saa moja kampuni ikaiondoa, na kesho yake ikatoa 8.0.2. Wenye iPhone 5s, kwa toleo lilelile, walikuwa wanapiga simu zao kama kawaida.

Sasa hilo lilikuwa tatizo la wengi au la wachache? Apple walisema simu zilizoathirika hazikufika 40,000. Katika siku tatu za kwanza walikuwa wameuza zaidi ya milioni 10 za aina hizo mbili, kwa hiyo ukipiga hesabu hupati hata nusu ya asilimia moja. Wachache, basi. Ila kilichowafanya wawe wachache ni ile saa moja tu. Kasoro ilikuwa inafuata aina ya simu, wala haikujali mwenye simu ni nani. Ingeachwa hewani siku nzima tungekuwa tunataja idadi nyingine kabisa.

Ndiyo maana kuuliza "ni wangapi?" hakukufikishi mbali. Uliza waliopatwa wanafanana kwa lipi: aina ya simu, namba ya toleo, mtandao wanaotumia, au programu fulani ambayo wote wanayo.

Machi 2021 waliopatwa walifanana kwa kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukisikia. Simu za Android za kampuni mbalimbali zilianza kufunga programu zenyewe: unafungua Gmail, inajifunga, unafungua tena, vilevile. Watu waliapa kwamba hawajasasisha chochote, na kwa upande wao walisema kweli. Chanzo kilikuwa WebView, kipande cha mfumo kinachoziwezesha programu nyingine kuonyesha kurasa za intaneti ndani yake, ambacho hujisasisha kimyakimya kupitia Play Store. Waliokiondolea sasisho lake walipona papo hapo, na Google wakatoa toleo jipya. Hapo lilikuwa la wengi kweli, tena duniani kote.

Kelele za malalamiko, kwa upande mwingine, zinadanganya. Nenda kwa fundi simu Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, umuulize kuhusu apdeti, atakuambia zinaua simu. Hakosei kwa anachokiona, kwa sababu ambaye simu yake imesasishwa salama hana shida ya kwenda kumwona. Halafu kuna sadfa. Kila siku, kati ya mamilioni ya simu, zipo ambazo betri inachoka au chaji inagoma kuingia. Ikitokea siku hiyo ndiyo ya apdeti, mshtakiwa ameshapatikana. Hata simu kuchemka na betri kuisha haraka kwa siku moja mbili baada ya sasisho kubwa ni kawaida: inapanga upya picha na programu zako kwa ndani. Zikipita siku kadhaa na hali ni ileile, hapo una haki ya kulalamika.

Kampuni nazo zimejifunza kutomwaga toleo jipya kwa wote kwa mkupuo. Huwapa wachache kwanza, wakatazama ripoti za hitilafu ambazo simu hutuma zenyewe, ndipo wakaongeza. Desemba 2021 Google walisimamisha sasisho la simu yao ya Pixel 6 katikati ya safari baada ya watu kulalamika kwamba simu zinakata wakiwa wanaongea. Kwa hiyo wewe na jirani yako mnaweza kuwa na simu pacha, mmoja ameshaletewa apdeti na mwingine bado, na hakuna mwenye simu feki.

Yakikukuta, fungua mipangilio, ingia "Kuhusu simu", unakili jina kamili la simu na namba ya toleo, kisha utafute vyote viwili pamoja na dalili yenyewe. Ukiwapata wenye namba hiyohiyo wanalia kilio hichohicho, usikubali kubadilishiwa kioo wala betri. Subiri toleo linalofuata. Ukikosa hata mmoja, basi mpelekee fundi.